Kunyonya mafuta: Bei ya kliniki si gharama yote

BALANGDALALU, Hanang – Mfanyabiashara wa hapa anayenunua ng'ombe mnadani hupiga hesabu ya ushuru, kibali, mswagaji na lori kabla ya kutaja faida. Hesabu kama hiyo haifanywi na wengi wanaoulizia bei ya upasuaji wa kunyonya mafuta ya tumbo jijini Nairobi au Dar es Salaam. Huduma hiyo si ya kliniki binafsi peke yake tena. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, nayo iliianza.

Bei anayotajiwa mteja ni ya saa chache tu. Daktari hutoboa matundu madogo, huingiza maji yenye dawa ya ganzi, kisha hupitisha mrija wa chuma uliounganishwa na pampu na kuvuta mafuta yaliyo chini ya ngozi. Aliyetolewa mafuta kidogo huweza kuruhusiwa siku hiyo hiyo. Kwa kliniki, biashara imekwisha. Kwa mgonjwa, siku za hatari ndiyo kwanza zinaanza.

Mrija huo huongozwa kwa mkono wa daktari, si kwa macho yake. Ukivuka ukuta wa tumbo huweza kutoboa utumbo, na uchafu ukavuja taratibu. Mgonjwa hupata homa na maumivu, akadhani ni kidonda kinapona, huku sumu ikiingia kwenye damu. Hatari nyingine ni damu kuganda mguuni na bonge lake kwenda kuziba mapafu; kukaa kitako ndani ya basi kwa saa nyingi huiongeza.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 miongoni mwa mabingwa wa upasuaji huo nchini Marekani ulikuta kifo 1 katika kila wagonjwa 5,000 hivi, na chanzo kilichoongoza kilikuwa bonge la damu mapafuni. Hao walikuwa mabingwa waliosajiliwa. Kwa wasio na ujuzi huo hakuna anayeweka daftari.

Fedha nazo si kinga. Stella Obasanjo, mke wa Rais wa Nigeria wa wakati huo, alifariki dunia Oktoba 23, 2005 baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki nchini Hispania. Mrija uliingia ndani ya tumbo, ukatoboa utumbo na ini. Mwaka 2009 mahakama ilimhukumu daktari wake kifungo cha mwaka mmoja kwa uzembe.

Jirani zaidi, Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki katika hospitali ya Nairobi siku chache baada ya upasuaji wa aina hiyo. Baraza la Madaktari la Kenya liliifunga kliniki ya Body by Design iliyomhudumia.

Kwa mkazi wa Balangdalalu, siku hizo chache ndizo ghali. Akizidiwa siku ya nne akiwa nyumbani, daktari aliyempasua yuko ng'ambo ya Namanga. Atakimbizwa Katesh, au Haydom wilayani Mbulu, ambako madaktari watalazimika kufungua tumbo bila kujua lilifanyiwa nini. Hapo kuna upasuaji wa pili, damu, kitanda cha wagonjwa mahututi, malazi ya ndugu, na duka lililofungwa mwezi mzima. Hayo hayamo katika bei iliyotangazwa.

Ni vyema mteja aulize, kabla ya kutoa hata shilingi ya rubuni, nani atampa nusu kaputi, atapelekwa hospitali gani akizidiwa na nani atalipa. Yatolewapo mafuta zaidi ya lita 5, alazwe. Anayetoka mbali atenge fedha za kulala karibu na kliniki kwa wiki nzima walau, na asipande basi bila karatasi inayoonyesha alichofanyiwa, dawa alizopewa na kiasi cha mafuta kilichotolewa. Karatasi hiyo ndiyo daktari wa Haydom ataiulizia kwanza.