Mstari Usemao Kweli

Kila mama aliyepata kumpeleka mtoto kliniki anaifahamu kadi yenye mistari. Uzito wa mwezi mmoja haumwelezi mengi. Mstari unaopanda, unaolala au unaoshuka ndio unaosema iwapo mtoto anakua.

Hekima hiyo sisi watu wazima tumewaachia watoto. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui. Maradhi haya hayapigi hodi. Aidha, kipimo kimoja huweza kudanganya: hofu ya hospitali au kupanda ngazi hutosha kukipandisha.

Siku hizi programu ya simu huweza kutuchorea mstari wetu. Mwenye mashine ya kupimia na apime asubuhi na jioni kwa siku saba, akiisha kuketi na kutulia dakika tano, aandike tarakimu zote, nzuri na mbaya. Wastani ukifikia 135/85, hana budi kumpelekea daktari mchoro huo.

Lakini programu haitibu. Wala mstari ulioshuka si ruhusa ya kuacha dawa. Mara nyingi ni dawa hiyo iliyoushusha.