Kusoma Ramani za Zamani (2): Miteremko ya Kilimanjaro

Sehemu ya kwanza ilieleza namna picha za ndege zilivyogeuzwa kuwa ramani na ofisi ya Uingereza ya upimaji wa makoloni, iliyoanzishwa mwaka 1946 chini ya Martin Hotine. Sehemu hii inaisoma karatasi yenyewe: miteremko ya kusini ya Kilimanjaro kwa skeli ya 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1 ya ardhi.

Jicho la mgeni hukimbilia kileleni, penye futi 19,340, yaani mita 5,895. Utajiri wa ramani hii, hata hivyo, uko chini, kuanzia Machame hadi Marangu, ambako mistari ya kontua imejikunja tena na tena.

Kila mkunjo una maana. Kontua zikichongoka kuelekea mlimani, hapo ni bonde, na mara nyingi mstari wa buluu wa mto hupita katika ncha hizo. Zikichongoka kuelekea tambarare, huo ni mgongo. Msomaji akipitisha kidole kutoka magharibi hadi mashariki, mabonde na migongo hupishana mfululizo. Ndipo anapoelewa kwa nini jirani anayeonekana ng'ambo ya korongo hufikiwa kwa mwendo mrefu.

Kontua hizohizo zinaeleza mifongo, mifereji ya asili ya Wachagga. Mfongo huchepusha maji mtoni, juu kabisa, kisha huambaa ubavuni mwa bonde ukishuka polepole kuliko mto wenyewe, hadi maji yafike mgongoni kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Njia yake karibu ilingane na kontua. Wachimbaji wake waliijua miinuko ya ardhi yao vizazi vingi kabla ya mpimaji yeyote kuichora, na elimu hiyo yastahili heshima ileile anayopewa mpimaji.

Ramani kuukuu ni ushahidi pia. Kazi ya Mjerumani Fritz Klute, aliyepima mlima huo mwaka 1912, iliwawezesha wanasayansi kukadiria barafu ya wakati huo kuwa kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia mwaka 2007 zilibaki pungufu ya 2.

Tahadhari moja kwa mwenye dira: kaskazini ya sumaku huhama mwaka hadi mwaka, hivyo tofauti iliyochapwa pambizoni ilikuwa sahihi kwa mwaka ule tu. Namna ya kuisahihisha itaelezwa katika sehemu ya tatu.

Itaendelea.