Hamu ya Kilele na Hekima ya Pole Pole

Usiku wa manane, katika kambi ya Kibo iliyo mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, wapandaji wa Mlima Kilimanjaro huanza mkondo wa mwisho kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Baridi ni kali na pumzi hukatika kila baada ya hatua chache; hata hivyo, wengi huwa wamechangamka. Raha hiyo yatoka wapi, ilhali mwili unataabika?

Wanasaikolojia hutenganisha hamu na starehe. Hamu, ambayo huchochewa zaidi na kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, humsukuma mtu kuliendea lengo; starehe ni ladha ya kile anachokipata. Mtu aweza kukitamani kilele mno asifurahie hata hatua moja ya njiani.

Mwaka 1975, mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alichapisha uchunguzi uliowahusisha wapanda miamba. Alieleza kuwa raha yao ilitokana na kuzama katika kazi yenyewe, pale ugumu unapolingana na uwezo. Ugumu ukizidi, huja wasiwasi. Ukipungua mno, mtu huchoshwa. Mwendo wa pole pole unaohimizwa na waongozaji hulinda ulinganifu huo, tena huupa mwili muda wa kuzoea hewa ambayo, huko kileleni, kanieneo yake ni takriban nusu ya ile ya pwani.

Hatari huanza hamu inapofunika dalili. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu ni ishara za ugonjwa wa mwinuko, lakini mpandaji aliyelipa fedha nyingi na kuwaahidi jamaa zake picha ya kileleni huviita uchovu tu. Kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema hata akiwa amepumzika huashiria uvimbe wa ubongo au maji mapafuni, na vyote viwili huua. Tiba ya kwanza ni kushuka bila kuchelewa.

Tatizo ni kwamba ubongo unaopaswa kuamua ndio huo huo uliodhurika. Kwa hiyo uamuzi ufanywe mapema: mpandaji akubaliane na mwongozaji wake, wakiwa bado chini, ni dalili zipi zitawarudisha, na siku hiyo neno la mwongozaji liwe la mwisho. Mlima hauhami, aliyeshuka salama aweza kuurudia.