Wanawake wa Huye na Ngoma za Mfalme

Kusema muziki huleta amani ni rahisi mno. Mwaka 1994 redio RTLM ya Rwanda ilipiga nyimbo zilizopendwa na watu huku ikichochea Watutsi wauawe. Mwanamuziki mashuhuri Simon Bikindi alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha, mwaka 2008, kifungo cha miaka 15 kwa uchochezi. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti barabarani, lakini umaarufu uliomfanya asikilizwe ulitokana na nyimbo. Muziki humtumikia yeyote aliyeushika.

Basi la kuuliza ni nani anapiga, na anapiga pamoja na nani. Mwaka 2004 mwandishi wa tamthilia Odile Gakire Katese alianzisha Ingoma Nshya mjini Butare, ambao sasa ni Huye. Ni kikundi cha ngoma cha wanawake watupu, katika nchi ambayo ngoma ilikuwa ya wanaume na ya mfalme, na mwanamke hakuruhusiwa kuipiga. Wakaingia manusura wa mauaji ya 1994, wajane, yatima, na pia wake wa wanaume waliofungwa kwa mauaji yaleyale.

Tazama wanavyopiga. Ngoma ndogo yenye sauti kali, ishakwe, ndiyo inayoshika mwendo, na zile kubwa zinaufuata kwa mdundo mzito. Mwenye ngoma kubwa akikimbia, wote wanaharibikiwa, akichelewa, vilevile. Inambidi asikilize mikono ya mwenzake, hata kama mwenzake huyo ni mke wa mtu anayemwogopa. Miaka hiyohiyo mahakama za gacaca, zilizoendeshwa na jamii kuhukumu mauaji hayo, zilimtaka kila mtu aseme aliyoyaona na aliyoyatenda. Kwenye ngoma hakuna anayelazimishwa kusema wala kusamehe, na kwa maoni yangu nguvu yake iko hapo. Watu wanazoea kuwa karibu kabla hawajawa tayari kuzungumza.

Haki haipatikani kwa ngoma, wala chakula. Mwaka 2010 baadhi ya wapigaji hao walifungua duka la aiskrimu, Inzozi Nziza, wapate kipato. Walifanya vyema, maana mwenye njaa hadumu kwenye mazoezi.

Wafadhili wa amani wanapenda matamasha ya siku moja, yenye jukwaa kubwa na mabango. Fedha za matamasha hayo zinunue ngoma, zilipe nauli za wapigaji, na mazoezi yaendelee kila wiki kwa miaka.