Kipindi Kinacholipiwa Mara Mbili

Mzazi wa mjini anayetaka mwanawe afaulu siku hizi hununua muda. Hununua tuisheni ya jioni, masomo ya Jumamosi, kambi ya likizo kwa mtoto wa darasa la saba au kidato cha nne, na nafasi katika gari la shule linalopita mtaani saa kumi na moja alfajiri. Hakuna wa kumlaumu. Silabasi ni ndefu, mtihani hausubiri, na mtoto wa jirani tayari anasoma hadi saa tatu usiku. Lakini matumizi yote haya yamesimama juu ya dhana moja isiyohojiwa, kwamba saa za kawaida za shule zimeshatumika zote na hazikutosha. Si kweli. Sehemu kubwa ya saa hizo haijaguswa, na tuisheni mara nyingi ni kulipia upya kipindi ambacho kodi ilishakilipia, safari hii kwa fedha ya mzazi na usingizi wa mtoto.

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka katika tafiti za viashiria vya utoaji huduma zilizoendeshwa na Benki ya Dunia pamoja na washirika wake, ambazo watafiti wake walifika katika shule za msingi bila kutoa taarifa. Tanzania mwaka 2010, walimu 23 katika kila 100 hawakukutwa shuleni, na 53 hawakukutwa darasani. Ratiba ilimwahidi mwanafunzi saa 5 na dakika 12 za kufundishwa kwa siku. Alizopata zilikuwa kama saa 2 tu. Utafiti uliporudiwa mwaka 2014 hali ilikuwa na nafuu kidogo, kwani wasiokuwapo shuleni walishuka hadi 14 katika 100 na wasiokuwapo darasani hadi 47. Kenya, utafiti wa 2012 ulikuta mwanafunzi akifundishwa kama saa 2 na dakika 40 kwa siku, chini ya nusu ya ratiba. Sasa chukua siku 194 za masomo katika mwaka wa Tanzania, toa saa tatu kila siku, utapata saa 582 zilizopotea. Kwa ratiba ya 2010, hizo ni zaidi ya siku 110 za shule. Takwimu ni za zamani na ni wastani tu. Zipo shule zenye hali njema zaidi na nyingine mbaya zaidi. Hata zikipunguzwa nusu, bado hakuna kambi ya likizo inayoweza kuzifidia.

Zitazame tena takwimu za 2014, maana ndani yake mna jambo linalosahaulika kila tunapowasema walimu watoro. Kati ya 47 wasiokuwa darasani, 14 tu ndio hawakuwa shuleni. Wale 33 waliobaki walikuwa palepale, ng'ambo ya kiwanja. Walikuwa wakifanya nini? Baadhi, bila shaka, walikuwa wakipiga soga chini ya mwembe. Lakini mwalimu mwenye darasa la watoto 120 akitumia dakika moja tu kwa kila daftari anahitaji saa mbili kusahihisha zoezi moja la somo moja, na tangu ada ilipofutwa Januari 2016 madarasa ya namna hiyo yamekuwa jambo la kawaida katika shule nyingi za umma. Kuna andalio la somo la kuandika, takwimu zinazotakiwa halmashauri leo hiihii, zamu ya wiki, mgeni wa idara fulani mwenye semina yake, na safari ya makao makuu ya wilaya kufuatilia malimbikizo. Dola ikihitaji watu wanaojua kusoma na kuandika katika kila kijiji, kwa sensa kama ile ya 2022 au kwa uchaguzi, huwatazama walimu kwanza. Mwalimu anaposema kwamba hayuko darasani kwa sababu yuko kazini, mara nyingi anasema kweli. Kwa mtoto, hata hivyo, ubao usio na mwalimu ni uleule, awe mwalimu anasahihisha au amelala. Ndiyo maana lawama inamwangukia zaidi anayepanga kazi za mwalimu kuliko mwalimu mwenyewe: mkuu wa shule, ofisi ya elimu ya wilaya, na wizara inayodhani kila fomu mpya haina gharama.

Hata kipindi kinachofundishwa huvuja. Kitabu kikiwa kimoja kwa watoto watano, njia rahisi ni mwalimu au kiranja kujaza ubao na wote kunakili, na dakika 40 zinakwisha kabla ya swali hata moja kuulizwa. Katika sekondari za Tanzania mwalimu hulieleza jambo kwa Kiingereza, anaona nyuso zimeganda, kisha analieleza tena kwa Kiswahili. Maelezo ya pili ndiyo yanayoeleweka, ila yamegharimu nusu ya kipindi. Na ipo desturi moja ninayoiona ya ajabu kuliko zote: mtoto aliyechelewa anaadhibiwa kwa kufyeka nyasi au kufagia uwanja wakati wenzake wako kipindi cha kwanza. Kosa lilikuwa kupoteza dakika kumi za masomo, na adhabu ni kupoteza arobaini.

Jibu la haraka, yaani kuongeza walimu au kuongeza saa, limewahi kujaribiwa. Magharibi mwa Kenya, katika jaribio lililoanza mwaka 2005, shule 140 zilipewa walimu wa ziada wa mkataba. Walimu hao walihudhuria vizuri darasani, na wanafunzi wao walinufaika. Lakini watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer waligundua kwamba walimu wa kudumu katika shule hizo walipungua darasani, na kwamba mambo yalikuwa afadhali pale kamati za shule zilipofundishwa kumsimamia mwalimu wa mkataba. Muda mpya ulikuwa unanyonywa na mpangilio wa zamani. Tuisheni ina hatari hiyohiyo, tena ikiwa na kishawishi juu: mada ambayo haikumalizwa asubuhi huuzika jioni. Simaanishi kwamba kila mwalimu wa tuisheni hubania somo kusudi. Namaanisha kwamba tumeweka utaratibu unaomlipa zaidi anayebania kuliko anayemaliza.

Upande wa mwanafunzi, bili hulipwa kwa usingizi. Wataalamu wa usingizi wa Marekani hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa usiku kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Mwanafunzi wa bweni anayemaliza prepo saa nne usiku na kuamshwa saa kumi alfajiri amelala saa 6. Kenya imelitambua hilo katika sheria: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni za likizo, na kanuni za 2015 zinaweka masomo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, huku usingizi wa bweni ukianza saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mawaziri hubadilika na kila mmoja hulirudia onyo hilo, jambo linaloonyesha jinsi linavyotiiwa. Hizo saa za alfajiri nazo hutumiwaje? Kwa kurudia kusoma notsi zilezile kwa sauti ya kusinzia. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka, badala ya kusoma upya, walikumbuka zaidi baada ya wiki moja, ingawa dakika tano baada ya kusoma waliosoma upya ndio walioonekana kuongoza. Nusu saa ya kujiuliza maswali daftari likiwa limefungwa inaweza kuipita saa nzima ya prepo ya namna hiyo.

Mzazi atajibu kwamba shule zenye kambi ndizo zinazofaulisha, na katika orodha za matokeo huenda akawa sahihi. Lakini shule hizo pia huchuja wanafunzi mlangoni, zina vitabu, na vipindi vyao vya asubuhi hufundishwa kweli. Kambi ndiyo inayoonekana kwa macho, basi inabeba sifa zote. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha Januari 2023 kutangaza shule na wanafunzi kumi bora, uamuzi mzuri ambao bado haujapunguza mbio. Wengine hutaja Ufini, yenye saa chache za masomo na mapumziko ya dakika 15 baada ya dakika 45 za kipindi, wakataka nasi tufupishe siku. Hilo nalo silikubali. Saa chache za Ufini ni saa zinazotumika, katika madarasa madogo yenye walimu wa shahada ya uzamili. Tukifupisha siku yetu kabla ya kuziba mivujo, tutabakiwa na saa moja.

Pa kuanzia ni pa bei rahisi. Sekondari nyingi zina daftari la darasa ambalo mwalimu husaini kila kipindi, na kazi yake huishia kabatini. Mkuu wa shule anaweza kubandika kila Ijumaa, kwa kila darasa, idadi ya vipindi vilivyopangwa na vilivyofundishwa, bila majina ya walimu, pamoja na sababu za vile vilivyokosekana: semina, msiba, takwimu za wilaya, mvua. Watasaini bila kufundisha, mtu atasema. Wapo watakaofanya hivyo, ila monita wa darasa huwa anajua, na karatasi ubaoni inasomwa na watoto 60 waliokuwamo chumbani. Faida yake kubwa zaidi ni kwa mwalimu mwenyewe, kwa kuwa kwa mara ya kwanza ofisi ya wilaya itaona semina zake zimekula vipindi vingapi. Na mkutano wa wazazi ukiitwa kujadili mchango wa kambi ya Desemba, karatasi hizo zisomwe kwanza, za muhula mzima, kabla mwenyekiti hajataja kiasi.