UZI: Begi lako likifika uwanja wa ndege Changamwe, nani hasa analitoza ushuru?

1/ Kuna ahadi inayopendwa sana kwenye majukwaa ya Pwani: nichagueni, nitaondoa ushuru wa mabegi pale uwanja wa ndege. Makofi yanapigwa, video inazunguka, basi. Hakuna anayeuliza ataondoa ushuru upi, na kwa mamlaka gani. Leo tufungue begi hili polepole. Hatutaji mtu wala chama. Tunataja sheria.

2/ Kwanza, kwa nini jambo hili linatugusa. Uwanja wa Kimataifa wa Moi uko Port Reitz, Changamwe, na si wa watalii peke yao. Tangu Januari 2024 flydubai inaruka moja kwa moja kati ya Dubai na Mombasa. Kuna dada aliyefanya kazi Saudia au Oman mkataba mzima, anarudi na begi mbili: nguo za watoto, simu ya mamake, mablanketi, marashi. Kwake hilo begi ni miaka miwili ya jasho. Likizuiliwa mezani, si hesabu tu inayomuuma.

3/ Mjadala ulilipuka mwanzoni mwa Novemba 2023. KRA ilitoa taarifa kuwakumbusha abiria kwamba vitu vyenye thamani ya kuanzia dola 500 vinaweza kutozwa ushuru. Mtandao ukawaka. Wenye hoteli wakalalamika kwamba watalii watatishika, na hata ndani ya serikali zikatoka sauti za kutaka abiria wasisumbuliwe. Wengi wakaamini ni ushuru mpya umezaliwa usiku. Haikuwa hivyo. Kiwango kile kilikuwemo kwenye sheria kitambo kabla ya taarifa ile.

4/ Hapa ndipo tunapochanganyikiwa. Begi moja linapita kwenye mikono mitatu:
- Arusha, inakoandikwa sheria ya forodha.
- Nairobi, linakokaa Bunge linalopanga ushuru na tozo nyingine.
- Changamwe, aliko afisa anayeamua kilichomo begini ni nini na ni cha bei gani.
Mheshimiwa akikuahidi kuondoa "ushuru wa begi", muulize anaongelea mkono upi.

5/ ARUSHA. Forodha ya Kenya haiongozwi na sheria ya Kenya peke yake. Inaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, iliyoanza kazi Januari 2005. Orodha ya mizigo inayosamehewa, yakiwemo mabegi ya abiria, iko kwenye Jedwali la Tano la sheria hiyo. Mabadiliko yake hupita kwa Baraza la Mawaziri la Jumuiya na kutangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya, kwa kawaida mwisho wa Juni. Mbunge wako pekee yake hawezi kuibadilisha. Gavana ndo kabisa, forodha si kazi ya kaunti.

6/ Jedwali lasemaje? Nguo zako, vitu vyako vya usafi, na vitu ambavyo umekuwa ukivitumia mwenyewe havilipiwi. Kile kiwango cha dola ni kwa vitu vingine, vilivyo nje ya hivyo, kwa abiria aliyekuwa nje ya nchi zaidi ya saa 24. Kwa hivyo ile hofu ya 2023 kwamba mtalii atalipia kaptula zake na kamera yake shingoni haikutoka kwenye sheria. Ilitoka kwenye taarifa iliyoeleza jambo kwa mkato, na kwenye mitandao iliyoukata mkato wenyewe.

7/ Vileo, tumbaku na marashi vina vipimo vyake, na ni kwa aliyefika miaka 18:
- Pombe kali isiyozidi lita 1, au mvinyo usiozidi lita 2.
- Marashi na maji ya manukato nusu lita kwa jumla, na marashi yenyewe yasipite robo lita.
- Sigara na tumbaku ya aina zote gramu 250.
Wale wa kubeba manukato ya Dubai kwa dazeni, someni tena mstari wa kati.

8/ Kuna visivyosamehewa kabisa kama mzigo wa abiria. Bidhaa za kuuza, hata zikiwa begi moja. Na hili wapwani wengi hawalijui: vitambaa vya jora. Nguo iliyoshonwa ni nguo, lakini jora zima la kitambaa linahesabiwa vingine. Na lile neno tunalopenda kulitanguliza, "ni zawadi tu", halina kinga yake peke yake. Zawadi nayo ina thamani, na thamani hiyo inaingia kwenye hesabu ya dola.

9/ Tatizo la Arusha ni hili: kiwango kimeandikwa kwa dola, sisi tunaishi kwa shilingi. Novemba 2023 dola ilikuwa kama Sh150, kwa hivyo dola 500 zilikuwa Sh75,000. Mwisho wa 2024 dola ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh129, dola zilezile zikawa kama Sh65,000. Msamaha ulipungua kwa Sh10,000 hivi bila mtu yeyote kupiga kura. Na kiwango chenyewe Baraza linaweza kukibadilisha mwaka wowote. Kabla ya kupanda ndege angalia kilichotangazwa mwaka huo, usitegemee uzi wa mtu, hata huu.

10/ Je, ni Kenya tu? La. Anayeingia Umoja wa Ulaya kwa ndege ana msamaha wa euro 430, Uingereza pauni 390, mkaazi wa Marekani anayerudi kwao dola 800. India ina funzo zuri. Kanuni zao za mizigo za 2016 ziliweka rupia 50,000 kwa raia anayerudi. Kwa aliyekaa nje zaidi ya mwaka, mwanamke aliruhusiwa vito vya gramu 40, lakini visizidi rupia 100,000. Kufikia 2025 bei ya dhahabu ilikuwa imepanda zaidi ya mara tatu. Gramu zikabaki 40 kwenye karatasi, lakini ile rupia 100,000 haikuzitosha tena. Kiwango kisichoguswa kinajipunguza chenyewe.

11/ NAIROBI. Kitu kikishatoka kwenye msamaha, ushuru si mmoja. Ushuru wa forodha unatoka kwenye viwango vya pamoja vya Jumuiya: asilimia 0, 10, 25 au 35, kutegemea bidhaa. Ngazi hiyo ya 35 ilianza Julai 2022. Lakini VAT ya asilimia 16, ada ya IDF na tozo ya reli ni za Kenya. Hizo zinapitishwa na Bunge letu. Hapo sasa mbunge hana pa kujificha.

12/ Tupige hesabu. Chukua bidhaa za Sh100,000 zilizo nje ya msamaha, tuseme ziko ngazi ya asilimia 25, kwa viwango vya baada ya Desemba 2024:
- Forodha 25% = Sh25,000
- VAT 16% ya Sh125,000 = Sh20,000
- IDF 2.5% = Sh2,500
- Tozo ya reli 2% = Sh2,000
Jumla Sh49,500. Karibu nusu ya bei. Ona pia VAT inavyotozwa: haihesabiwi kwa bei ya kitu pekee, inahesabiwa kwa bei pamoja na ushuru wa forodha. Unalipa ushuru juu ya ushuru.

13/ Angalia hizo tozo mbili ndogo zilivyochezacheza. Mwaka 2019 IDF ilipanda hadi 3.5%, tozo ya reli ikafika 2%. Sheria ya Fedha ya 2023 ikazishusha, IDF 2.5% na reli 1.5%. Juni 2024 vijana wakajaa barabarani, Mswada wa Fedha wa mwaka huo, uliotaka kurudisha IDF juu hadi 3%, ukaondolewa. Tukalala. Desemba 2024 ikapita sheria nyingine ya ushuru, na tozo ya reli ikarudi 2%. Anayekesha Juni peke yake anaibiwa usingizi wa Desemba.

14/ CHANGAMWE. Huu mkono wa tatu ndo unaouma zaidi, na ndo unaojadiliwa kidogo. Sheria inasema "matumizi binafsi", lakini ni nani wa kusema mablanketi manne ni ya nyumbani au ni ya duka? Ni afisa aliye mbele yako. Na bei je? Inatakiwa iwe bei uliyolipa kweli. Ukiwa na risiti, mazungumzo ni mafupi. Ukikosa, afisa anakadiria, na makadirio ya mtu aliye zamu saa tisa usiku yana tabia ya kupanda. Katikati ya makadirio na malipo ndipo hongo inapopata kiti.

15/ Tuwe wakweli pia, upande wa pili una hoja. Mwenye duka Biashara Street au Kongowea anayeingiza mzigo wake kupitia bandari ya Kilindini analipa tozo zote hizo. Akishindana na mtu anayepanda ndege kila wiki mbili na begi sita za "matumizi binafsi", anashindwa kwa bei kabla hajafungua mlango. Kuondoa ukaguzi wote ni kumwadhibu anayelipa. Kwa hivyo tusiuliza kama pawe na ukaguzi. Tuulize dada wa mkataba mmoja anatofautishwaje na mchuuzi wa kila wiki mbili.

16/ Na sheria yenyewe ina njia ya kuwatofautisha, ila haitangazwi vya kutosha. Aliyekuwa akiishi nje na sasa anarudi kukaa kabisa hahesabiwi kama msafiri wa wiki moja. Vyombo vyake vya nyumbani na vitu alivyokuwa akivitumia kule vina msamaha mwingine, mpana zaidi. Dada wa Saudia aliyemaliza mkataba aulize kuhusu msamaha huu mapema, na awe na karatasi: mkataba wa kazi, viza, tarehe za kutoka na kurudi.

17/ Haki zako mezani, ziandike mahali:
- Jaza fomu ya tamko la abiria, F88, kwa ukweli. Kuficha ndo kunakokupokonya mzigo.
- Omba hesabu kwa maandishi: kitu gani, thamani gani, asilimia ngapi.
- Lipa kwa mfumo rasmi na upate stakabadhi. Pesa ya mkononi si ushuru.
- Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa uamuzi wa haki, na sababu kwa maandishi pale unapoumizwa.
- Hukuridhika? Una siku 30 kumwomba Kamishna aupitie upya uamuzi. Naye ana siku 30 kujibu kwa maandishi. Bado? Mahakama ya Rufaa za Ushuru ipo.

18/ Na Kifungu cha 210 kinasema hakuna ushuru wala ada itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa sheria. Soma hilo neno "kusamehewa" mara mbili. Maana yake, kiongozi hawezi kusimama jukwaani na kufuta ushuru kwa mdomo, na afisa hawezi kukupunguzia "kwa roho safi". Wote wawili wakifanya hivyo, muulize kila mmoja anataka nini.

19/ Basi tukielekea 2027, mtu akija Likoni, Kisauni au Changamwe na ahadi ya mabegi, mpe maswali manne:
- Utaomba Baraza la Mawaziri la Jumuiya libadilishe nini kwenye Jedwali la Tano, na lini?
- Bungeni, ulipigaje kura tozo ya reli iliporudi 2% Desemba 2024?
- Utakubali sheria ilazimishe viwango na bei vibandikwe ukutani pale wanapofikia abiria, kwa Kiswahili?
- Makadirio ya afisa yatakaguliwa na nani, na ripoti itasomwa na nani?

20/ Akijibu mawili kati ya manne, huyo amesoma. Akikujibu kwa wimbo, piga makofi uende zako, lakini kura yako usimpe bado. Na wewe uliye na ndugu Ghuba, mtumie uzi huu kabla hajaanza kufunga begi, na mwambie risiti azitie kwenye mkoba wa mkononi, si chini ya mablanketi.