Kitabu Gani kwa Mtoto, Kijana na Mzazi?



Tukitembelea vikundi vya Thika na Ruiru, swali moja halikosi: "Tumpe mtoto kitabu gani asome, na sisi wazazi je?" Wengi wetu hudhani riwaya ni ya mtihani tu, mtihani ukiisha, inatupwa chini ya kitanda. Kumbe riwaya husema yale tunayoona haya kuyataja nyumbani. Hivi hapa vinne tulivyosoma majuzi.

Watoto wa miaka 10 hadi 13: "Adili na Nduguze" cha Shaaban Robert (1952). Ndugu watatu wanagawana urithi. Wawili wanatapanya fungu lao, kisha wanamwonea wivu yule aliyewatendea wema, mwishowe wanageuzwa manyani. Kiswahili chake ni cha zamani kidogo, kwa hivyo mtu mzima asome kwa sauti. Wanaogombania shamba nao wasikie!

Vijana: "Siku Njema" cha Ken Walibora (1996). Kongowea anafiwa na mama yake, mwimbaji wa taarabu huko Tanga, kisha anafunga safari hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Kijana anayelelewa na nyanya yake atajiona humo.

Akina mama: "The River and the Source" cha Margaret Ogola (1994), daktari wa watoto na Mkatoliki mwenzetu aliyefariki 2011. Akoko ni mjane. Shemeji yake anatwaa kiti cha uchifu na mali. Yeye haketi kulia tu. Anakwenda mpaka Kisumu kudai haki kwa serikali. Kitabu ni cha Kiingereza, basi binti aliyesoma awasimulie wenzake sura kwa sura.

Akina baba: "Utengano" cha Said Ahmed Mohamed (1980). Bwana Maksuudi anafungia mke na binti ndani, ilhali yeye mwenyewe huko nje hana mwenendo. Binti, Maimuna, anaondoka nyumbani na kuangukia ulevi na umalaya. Hiki si cha watoto.

Tuanzeje?

1. Kila mmoja atafute nyumbani. Baadhi ya vitabu hivi vilisomwa shuleni, na kaka au dada aliyemaliza huenda amekiacha. Kisichopatikana, ulizeni katika maktaba ya umma mjini Thika.

2. Chagueni mtunza vitabu. Aandike kwenye daftari nani amechukua kipi, na tarehe ya kurudisha.

3. Siku ya mkutano, kabla ya kuhesabu pesa, mmoja asome kurasa tano. Kisha ulizaneni: ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Jambo moja la kuangalia: msimtaje jirani. Zungumzeni juu ya Akoko na shemeji yake. Mama aliyenyamaza mwaka mzima juu ya shamba la marehemu mumewe anaweza kuanzia hapo, na kikundi kikajua wa kumsindikiza kwa chifu.